Kericho Yainywesha Dunia, Yenyewe Yanywea Wapi?

Neno "mkahawa" lina kichekesho ndani yake ambacho wakazi wa Kericho na Bomet wangefaa kukitambua. Kwa asili yake mkahawa ni mahali pa kahawa. Ndivyo neno lenyewe linavyojieleza, na shina lake tulilipokea kutoka kwa Waarabu pamoja na kinywaji chenyewe. Lakini ingia katika mkahawa wa kawaida mjini Kericho, Litein, Sotik au Bomet uagize kahawa. Yamkini utaletewa kikombe cha maji moto na kopo la unga wa kahawa uliosindikwa mbali na hapo. Agiza chai, nayo itakufikia papo hapo, ikiwa imekwisha chemshwa pamoja na maziwa na sukari, na pembeni yake andazi au chapati. Wenyeji nao hawapaiti mahali hapo mkahawa. Wanapaita hoteli, ingawa hapana kitanda wala mgeni wa kulala.

Kwa miaka mingi miji yetu midogo ilitosheka na hoteli hizo. Siku hizi anayepita katika barabara za Kericho ataona pia maduka ya namna nyingine: nyumba ndogo zenye milango ya vioo, mashine ya kahawa inayotoa mvuke, keki zilizopangwa kwenye kabati, na harufu ya mkate uliookwa papo hapo. Wenye nyumba hizo aghalabu ni watu binafsi, wala si makampuni makubwa. Wateja wao ni wafanyakazi wa ofisi, wasafiri, na wanafunzi wa vyuo. Baadhi yetu huziona kuwa ni anasa ya vijana wanaoiga Nairobi. Nasema suala hili linastahili kupimwa kwa uzito zaidi, maana ndani ya kikombe na kipande cha mkate mmefichika swali kubwa la uchumi wa nchi ya chai: mali inayotoka katika udongo huu hukaa wapi, na humlisha nani?

Tuanze na historia kwa ufupi. Kilimo cha chai cha kibiashara kilianza Kericho katika miaka ya 1920, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipojipatia ardhi kubwa katika nyanda hizi za Wakipsigis. Mwafrika alikuwa mchumaji tu, na hakupewa fursa ya kupanda zao hilo kwa ajili yake mwenyewe hadi miaka ya 1950. Mnamo 1964 serikali iliunda mamlaka ya kustawisha chai ya wakulima wadogo, KTDA, ambayo tangu 2000 imekuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mnamo 1956 ulihamishiwa Mombasa mnamo 1969, na huko ndiko majani yetu yanakopelekwa hadi leo. Kenya imekuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa chai nyeusi katika masoko ya dunia. Sehemu kubwa mno ya zao hilo hunywewa ng'ambo. Sisi wenyewe hunywa sehemu ndogo tu.

Haya si mambo mageni kwa mwalimu wa jiografia. Jambo ambalo halifundishwi sana ni jinsi bei inavyosafiri. Kilo moja ya chai iliyosindikwa, ukitumia gramu 2 kwa kila kikombe, hutoa vikombe 500. Tuseme kilo hiyo imeuzwa mnadani kwa dola 2 au 3, yaani shilingi mia mbili hamsini hadi mia nne hivi kwa thamani ya sasa ya shilingi. Kilo hiyo hiyo ikiuzwa kikombe kwa kikombe, hata kwa bei ya shilingi 20 tu, itazaa shilingi 10,000. Hapana shaka msomaji makini atapinga kwamba muuza chai hana faida ya shilingi 10,000, kwa kuwa ananunua maziwa, sukari na gesi, analipa kodi ya nyumba, na kumlipa mhudumu. Pingamizi hilo ni la kweli, na ndilo linalonipa hoja yangu. Hebu tazama fedha hizo zinakwenda kwa nani. Maziwa yametoka kwa mfugaji wa Bomet au Ainamoi. Kodi ya nyumba imelipwa kwa mtu wa mji huu. Mshahara umemfikia msichana wa hapa aliyemaliza kidato cha nne. Gharama za gunia la chai linaloteremka hadi Mombasa hulipwa njiani na ng'ambo, kwa watu tusiowajua. Gharama za kikombe kinachonywewa Kericho ni riziki ya majirani.

Sisemi kwamba mji mmoja waweza kunywa chai yote inayochumwa katika milima hii. Huo ungekuwa mzaha. Mnada utabaki, na bei yake itaendelea kuamua iwapo bonasi ya mkulima italipa karo au la. Ninachosema ni kwamba nchi iliyotegemea jani moja, likichumwa na kuondoka, imejinyima kazi zote zinazofuata baada ya kuchuma. Na sasa hata ile kazi ya kuchuma yenyewe iko mashakani. Mnamo Mei 2023 mashine za kuchuma chai ziliteketezwa katika ghasia zilizozuka kwenye mashamba makubwa ya Kericho, na mtu mmoja akapoteza maisha. Waliozichoma walikuwa wakiililia kazi. Mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikinunua chai na andazi katika hoteli za vituo vya biashara kandokando ya mashamba. Wakati huo huo mashamba yenyewe yamekuwa yakibadilisha wamiliki. Yale ya Unilever, ambayo zamani yalikuwa ya Brooke Bond, yalipita mikononi mwa kampuni ya uwekezaji ya CVC mnamo 2022. Kampuni ya Browns ya Sri Lanka ikayachukua yale ya Finlay, na mnamo 2024 ikatangazwa kuwa ingechukua pia yale yaliyokuwa ya Unilever. Mwenye shamba hubadilika kwa mkataba unaotiwa sahihi mbali na hapa, na kijana wa Kapsoit husoma habari hizo gazetini kama mtu yeyote mwingine.

Tugeukie mkate, maana chai bila kitafunio ni mazungumzo bila mwenzako. Sehemu kubwa ya mikate inayoliwa katika maduka yetu huja usiku kwa lori kutoka viwanda vya miji mikubwa. Ngano nayo hulimwa jirani kabisa: ukivuka Mulot kutoka Bomet umo katika kaunti ya Narok, mojawapo ya ngome za ngano nchini. Hata hivyo Kenya haijitoshelezi kwa ngano, bali huagiza sehemu kubwa kutoka nje, na ndiyo sababu vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka mnamo 2022 bei ya mkate ilipanda hata katika kijiji ambacho hakijawahi kumwona Mrusi. Kisha mnamo 2024 Mswada wa Fedha ukapendekeza mkate wa kawaida utozwe kodi ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi Juni kabla ya mswada wote kuachwa kufuatia maandamano ya vijana. Mtu aliyedhani mkate ni jambo dogo lisilohusu siasa alipata somo lake mwaka ule.

Mwoka mikate wa mji mdogo hana uwezo wa kuzuia vita wala kuamua kodi. Lakini anao uwezo ambao kiwanda cha mbali hakina. Anaweza kununua mayai na maziwa kwa jirani. Anaweza kuoka kiasi kinacholiwa siku hiyo. Anaweza kumfundisha kijana ufundi wa kukanda unga, kupima hamira na kuujua moto wa tanuri, ufundi ambao kijana huyo ataondoka nao kichwani hata akifukuzwa kazi. Muhimu kuliko hayo, anaweza kuuza kwenye kaunta yake mwenyewe na kupokea fedha taslimu. Tukumbuke anguko la Nakumatt, lililofungwa kabisa mnamo 2020, na la Tuskys lililofuata. Maduka hayo yaliacha wasambazaji wengi, wakubwa kwa wadogo, wakidai malipo ya bidhaa zilizokwisha kuliwa. Mwenye kuoka kwa ajili ya rafu ya mwingine amemkopesha mwenye rafu, hata kama hakuna karatasi iliyosema hivyo.

Ipo faida nyingine isiyohesabiwa kwa shilingi, nayo ni mazungumzo. Watawala wa kale waliijua sana. Mnamo 1511 gavana wa Makka aliyeitwa Kha'ir Beg alipiga marufuku kahawa katika mji ule, na mojawapo ya mambo yaliyomtia hofu ni makundi ya watu waliokusanyika kuinywa. Mwishoni mwa 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliamuru nyumba za kahawa zifungwe, kwa kuwa watu walikuwa wakiisengenya serikali humo. Ilimbidi aitangue amri hiyo baada ya siku chache. Katika mojawapo ya nyumba za kahawa za London, ile ya Edward Lloyd, mabaharia na matajiri wa meli walizoea kukutana na kupeana habari, na kutokana na mazoea hayo lilizaliwa soko la bima linaloitwa Lloyd's hadi leo.

Wala hatuna haja ya kwenda London kutafuta mfano. Waswahili wa Lamu, Mombasa na Unguja walibuni mkahawa usiohitaji hata kuta. Muuza kahawa na dele lake la moto, vikombe vidogo vinavyogonganishwa, kahawa chungu, kipande cha kashata au halua, na kibaraza cha mtu yeyote: basi bunge limekwisha kufunguliwa. Pale huzungumzwa siasa, mpira, bei ya samaki na maana ya shairi lililosomwa redioni jana. Hapa Kericho kwenyewe, gurudwara ya Masingasinga, inayohusishwa na kumbukumbu ya Baba Puran Singh aliyeishi katika mji huu, hudumisha desturi ya langa, ambapo kila mgeni hupewa chai na chakula bila kuulizwa kabila, dini wala mfuko wake. Watu wa nchi ya chai, basi, hawahitaji kufundishwa na mgeni kwamba kikombe hukutanisha watu.

Lakini jiulize, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga au wa chuo cha ualimu anapomaliza masomo ya siku, anakaa wapi na wenzake? Baa ipo. Kibanda cha kamari kipo. Ukumbi wa kutazama mpira wa Uingereza upo. Mahali penye meza safi, taa ya kutosha kusomea, kikombe cha bei nafuu na uhuru wa kukaa saa moja bila kusukumwa ni nadra. Duka dogo la chai na mkate laweza kujaza pengo hilo, na hilo ni jambo la elimu kama lilivyo la biashara.

Sasa tuzikabili lawama, maana zipo na nyingine ni za haki. Ya kwanza ni bei. Kikombe kimoja cha kahawa ya mashine huweza kugharimu sawa na vikombe kadhaa vya chai ya hoteli, na mchumaji chai hawezi kukimudu. Ni kweli. Java House ilipoanzishwa Nairobi mnamo 1999, kisha ikaenea hadi Kisumu, Nakuru na Eldoret, ilikuwa ikiuza pamoja na kahawa ile hadhi ya kuonekana umeketi humo. Duka la mji mdogo likiiga bei na mapambo hayo, litawapata wateja wa mwezi wa kwanza, kisha litafungwa. Kosa hapa liko katika kuiga bila kupima mfuko wa mtu wa Kericho. Nyumba yenye busara itaweka chai ya shilingi chache karibu na mlango, na kahawa ya bei ya juu kwa anayeitaka.

Lawama ya pili yamhusu mama anayekaanga maandazi alfajiri kando ya stendi. Je, maduka haya hayatampokonya riziki? Yanaweza, endapo kaunti itawafukuza wachuuzi kwa kisingizio cha usafi ili barabara ipendeze mbele ya milango ya vioo. Yanaweza pia kumwinua, endapo mwenye duka atanunua maandazi yake badala ya kuagiza keki zilizogandishwa kutoka mbali. Uamuzi huo wategemea sera kama unavyotegemea utu. Kanuni za afya ni za lazima, na mkate unaouzwa hadharani hauna budi kuwa na kibali cha shirika la viwango, KEBS. Lakini anayeanza na tanuri moja hukutana na kibali cha biashara, cha afya, cha zimamoto na hata cha muziki, kila kimoja na ofisi yake. Ugatuzi ulipoanza mnamo 2013 tuliambiwa serikali imesogezwa karibu. Itakuwa karibu kweli siku ambayo kibali kitapatikana dirisha moja, kwa ada inayolingana na ukubwa wa tanuri.

Lawama ya tatu yasema kwamba watu wetu wamezoea chai ya maziwa na hawatalipia nyingine. Huku ni kusahau kwamba mazoea hujengwa. Babu zetu walikunywa maziwa na mursik, na chai yenyewe ni mazoea ya karne moja tu. Katika mji huu ipo taasisi ya utafiti wa chai, ambayo mnamo 2011 wanasayansi wake walitoa aina ya chai ya zambarau baada ya kazi ya miaka mingi. Katika mji huu pia kipo kiwanda cha Ketepa, kilichoanzishwa mnamo 1977 kufunga chai ya Kenya kwa ajili ya meza ya Mkenya. Na kule Kipkelion na Fort Ternan, ndani ya kaunti hii hii, wakulima hulima kahawa, ambayo wengi wao huiona ikiondoka bila kukaangwa. Yote hayo yamo ndani ya safari ya matatu moja. Hata hivyo hoteli ya kawaida mjini haimpi mgeni nafasi ya kuonja chai ya zambarau au kuambiwa kahawa hii imetoka kilima kile pale. Mgeni anayefika mji wa mvinyo huko Ufaransa huonjeshwa mvinyo wa mlima ule ule anaoutazama dirishani. Akifika kwetu huonyeshwa mashamba ya kijani kibichi, akapiga picha, akaondoka.

Nami, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, sitaacha kugusa orodha za vyakula. Nyingi katika nyumba hizi mpya huandikwa kwa Kiingereza na Kiitaliano tu, kana kwamba Kiswahili hakijui kula. Kiswahili kina chai ya rangi, chai ya tangawizi, mandazi, mahamri, kaimati, mkate wa sinia, mkate wa mofa. Kina hata desturi ya kuuita mlo mzima kwa jina la kinywaji, maana tunaposema "karibu chai" hatumkaribishi mtu kwa majani na maji peke yake. Kikipsigis kiliyapokea maneno chai na mkate kikayavika viambishi vyake, chaik na makatiat, yakawa yake kabisa. Lugha zetu zilifanya kwa maneno jambo ambalo biashara zetu hazijafanya kwa bidhaa: zilipokea cha kigeni zikakigeuza kuwa cha nyumbani. Inasikitisha pia kwamba katika matumizi ya leo neno "chai" limekuja kumaanisha hongo. Nchi ya chai ingekuwa ya kwanza kulirudishia neno hilo heshima yake.

Nini kifanyike? Nianze na tuliomo shuleni, kwa kuwa tuna nguvu tusiyoitumia. Kila siku ya masomo, saa nne asubuhi, walimu wa kaunti hizi mbili huketi kunywa chai katika vyumba vyao. Shule za bweni hununua mikate wiki baada ya wiki. Ikiwa shule chache tu za jirani zingekubaliana kununua kwa mwoka mmoja wa karibu, kwa malipo ya wakati, mtu huyo angekuwa na soko la uhakika ambalo benki ingeliheshimu. Vyuo vya kiufundi vinavyofundisha upishi navyo viwapeleke wanafunzi wao kwenye tanuri za mjini, wakajifunze bei ya unga pamoja na kipimo chake. Viwanda vya wakulima vitenge kiasi kidogo cha chai bora, kiuzwe kwa jina la kiwanda na la kijiji katika maduka ya hapa, ili mkulima wa Litein aonje angalau mara moja kitu ambacho mnunuzi wa ng'ambo hukisifu.

Na mwanafunzi anayesoma makala haya huku akijiuliza atafanya kazi gani baada ya mtihani, alitafakari jambo hili bila kuona haya. Hakuna aibu katika unga mikononi. Shamba litabadilisha mwenyewe tena, na mashine itaongeza meno. Lakini watu wa mji wataamka kesho wakitaka chai na kipande cha mkate, na mtu fulani atawauzia. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwanza sharti acheze.